Kabureta ya Nelson

Jumatatu, Machi 4
Mvua imeanza leo, ya mawe. Darasa la nne nililiacha liimbe tu, maana mabati yalikuwa yananishinda kwa kelele. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, nikawakuta mwanangu Nelson na baba yake wameinamia lile gari kibandani wanabishana.

Gari lenyewe ni Mustang, la Kimarekani, lina milango miwili na injini ya V8 inayojaza boneti yote. Nelson alilikuta Migori nyumbani kwa mjane mmoja, kuku wanatagia ndani. Alilinunua kwa dhahabu yake ya kwanza, likavutwa na trekta kupitia Sirari mpaka hapa Kewanja, na kijiji kizima kikaja kumcheka. Tangu hapo ametengeneza kila kitu isipokuwa kabureta.

"Imepasuka," Waitara alikuwa anamwambia. "Petroli itavujia kwenye injini ya moto, uungue. Tafuta nyingine."

"Nataka ile kubwa, baba, ya midomo minne. Yuko mtu Sirari anaweza kuniletea."

"Basi itafute."

Mume wangu alikuwa fundi wa malori makubwa ya dizeli mpaka mgongo ulipomtoa kazini. Akikaa na Nelson kwenye lile gari huwa anasahau kwamba anaumwa.

Jumatano, Machi 6
Mvua. Nelson amekula ugali wa watu watatu, kisha akaniambia Ijumaa anarudi duarani, kwenye shimo la dhahabu la Kisyeri. Nikamwambia duara na mvua haviendi pamoja. "Mzigo mmoja tu, mama. Nikipata hela ya kabureta natoka."

Ijumaa, Machi 8
Ameondoka na Vicent, rafiki yake tangu darasa la kwanza. Hakuchukua koti.

Jumatatu, Machi 11
Sijui nitaandikaje.

Waliniita darasani. Mkuu wa shule alisimama mlangoni, nikajua. Nilikwenda kwa bodaboda, tope linanirukia mpaka kinywani. Tulipofika juu ya kilima watu walikuwa wamezunguka duara kimya, na watu wa Nyamongo si watu wa kukaa kimya.

Korongo la juu lilijaa, likapasua ukingo, maji yakaingia yote. Vicent alikuwa karibu na ngazi akatoka. Nelson alikuwa ndani zaidi, kwenye tawi la pembeni.

Nilimkuta Vicent amekaa chini, amefunikwa gunia. "Shikamoo mama," akasema. Nilimpiga kofi. Watu wakanishika. Hakuinua hata mkono kujikinga.

Waitara alitaka kushuka kwa kamba. Walimshika wanaume wanne.

Jumanne, Machi 12
Waokoaji wamefika. Pampu inafanya kazi. Vicent anasema jana jioni alisikia mwamba unagongwa kutoka chini. Hakuna mwingine aliyesikia.

Jumatano, Machi 13
Mvua. Maji yameshuka, kisha yamepanda.

Alhamisi, Machi 14
Mvua.

Jumamosi, Machi 16
Jenereta waliyokodi imekufa. Ukingo umebomoka upande mmoja, nusura uende na mwokoaji. Akina mama wa kanisani wanaimba kwangu. Natamani wanyamaze, nami sina nguvu ya kuwaambia.

Jumatano, Machi 20
Waokoaji wameondoka. Afisa aliongea kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alisema duara linafungwa mpaka mvua zikatike, kwamba hawezi kuhatarisha walio hai kwa ajili ya aliyekwisha.

"Nani amekwambia amekwisha?" nikamuuliza.

Alivua kofia yake.

Ijumaa, Machi 22
Mtu wa Sirari amekuja na boksi. Hakuwa na habari. Alisimama uani anatabasamu: "Hii ni ya Nelson, alinilipa nusu, iliyobaki aliniambia nimngoje. Mwambie hii kitu ni moto sana, gari itapaa. Yeye ako wapi?"

Nililichukua lile boksi nikalitupa kwenye tope. Yule mtu akarudi nyuma mpaka kwenye ua. Waitara alitoka polepole, akainama kwa maumivu, akaokota kabureta, akaanza kuifuta kwa shati lake. Aliifuta kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Nimemchukia leo. Naandika wazi.

Jumatatu, Machi 25
Anaifunga. Mvua inanyesha, mtoto wake yuko chini ya maji, na yeye yuko kibandani na spana. Nimeshindwa kuvumilia, nikamwendea.

"Kabureta ndiyo iliyomrudisha duarani. Wewe ndiye uliyemwambia atafute."

"Ndiyo," akasema.

Nilitaka abishe. Hakubisha. Nikarudi ndani nikalala na viatu.

Alhamisi, Machi 28
Leo nimejua alichokuwa anakifanya.

Amekuja mtu kutoka Tarime mjini, anaitwa Maftah, fundi wa kabureta. Babu yake alitoka Tanga. Siku hizi kazi zake ni pikipiki tu. Amefunga Ramadhani, midomo imemkauka, na bado alisimama kwenye mvua kunipa pole kabla ya kugusa chochote. Nikawapelekea mwavuli, nikasikia wanachoongea.

Kisyeri, mwenye duara, bado anayo pampu ya umeme, ile ya kuzamishwa majini. Kilichokufa ni injini ya jenereta, lakini dainamo yake, inayozalisha umeme, ni nzima, imelala pale pale kilimani. Jenereta za kukodi zote ziko kwenye maduara yanayotoa mali, hakuna anayetaka kuleta yake kwenye shimo la maiti. Waitara anataka injini ya Mustang izungushe dainamo kwa mkanda, dainamo iendeshe pampu.

"Baba Nelson," nikamwita. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungetumaini. Na ikikataa je?"

Niliketi kwenye tairi. Sikuwa na pa kwenda.

Jumamosi, Machi 30
Wameiwasha. Ilipiga mshindo kama bunduki, kuku wote wakaingia ndani. Moshi mweusi ukajaa uani. Ikanguruma, ikazama, ikanguruma, ikazimika. Maftah akachomoa plagi akanionyesha: nyeusi tii, imelowa.

Jumapili, Machi 31
Pasaka. Sikwenda kanisani.

Jumanne, Aprili 2
Siku nzima wameivunja na kuifunga. Maftah anasema hewa yetu huku juu ni nyepesi, na kabureta imekuja imepimwa kwa hewa nzito ya nchi tambarare, kwa hiyo inamimina petroli kupita kiasi. Akabadilisha jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu linalopitisha petroli, akaweka vya tundu dogo zaidi. Moshi ukapungua. Lakini injini haitulii. Walipofunga mkanda na kuitwisha dainamo, mshale wa mita ya umeme ukacheza kama mkia wa mbuzi.

"Umeme wa namna hii utaunguza pampu kabla haijavuta ndoo moja," Maftah akasema.

"Irekebishe."

"Mzee, nimerekebisha. Hii imetengenezwa kwa mbio. Midomo yake ni mipana, injini ikienda taratibu hewa inapita imelegea, haibebi petroli vizuri. Mara inashiba mno, mara ina njaa. Sisi tunataka injini iende mwendo mmoja kutwa nzima. Tunataka ndogo, ya midomo miwili, ya gari la kazi."

Waitara akaweka mkono juu ya kabureta. "Hii ndiyo aliyoichagua."

Maftah akaangalia pembeni. Mvua ikazidi.

Alhamisi, Aprili 4
Bado anakataa kuitoa. Ameijaribu peke yake tangu asubuhi: skrubu robo mzunguko huku, robo kule. Mshindo mmoja umepasua kiwambo cha ndani, sasa inamwaga petroli yenyewe. Macho yake yamevimba kwa moshi. Nilisimama mlangoni nikamtazama, nikaona si moshi tu. Siku zote hizi nilidhani mtu huyu hana machozi.

Nikamwendea, nikamshika kiganja kilichoshika spana.

"Baba Nelson. Nelson aliichagua ili akimbie barabarani. Angejua ni ya kumtolea maji, angechagua ipi?"

Aliweka spana chini. Kisha akasema, "Ndogo."

"Basi itoe."

Tuliifungua wote wawili. Boliti ya mwisho niliilegeza mimi.

Jumamosi, Aprili 6
Nimefika Natta na Maftah. Nyuma ya kambi moja ya watalii kuna Land Cruiser ya petroli iliyooza, nyasi zimetoka madirishani. Mlinzi alituuliza tunaitakia nini kabureta ya gari bovu. Maftah akamweleza. Mlinzi hakuongeza swali, akatuletea spana na maji ya kunywa. Kabureta imejaa kutu na kiota cha nyigu. Njiani Maftah aliishika mapajani, akasema, "Mwalimu, sikuahidi kitu. Nakuahidi tu kwamba haitatoa moshi wa kuua watu."

Sikuwa nimefikiria hilo. Akanieleza kwamba petroli isiyoungua vizuri hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na atakayeshuka duarani anaweza kulala asiamke.

Jumatano, Aprili 10
Idi. Maftah amesali Tarime, akaja moja kwa moja na pilau ya mkewe kwenye hotipoti. Nilikula. Ndicho chakula cha kwanza ninachokumbuka ladha yake.

Amekata kipande cha bati nene la aluminiamu, akatoboa matundu manne ya boliti na mawili ya hewa, kabureta ndogo ikakaa juu ya injini kubwa kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee.

Ijumaa, Aprili 12
Imewaka. Maftah amefundisha masikio yangu. Anakaza skrubu mpaka injini inaanza kulegea, anafungua mpaka inajikaza, kisha anarudi katikati, pale sauti inapokuwa laini. "Hapo," anasema. Akaharibu makusudi, akaniambia niitafute mwenyewe. Nikaikosa mara nyingi. Kisha nikaipata, nami nikaijua kabla hajasema. Akapima boya la ndani ya kabureta kwa rula yangu ya shule, akalishusha kidogo ili petroli isifurike.

Wakaitwisha dainamo. Mshale ukapanda, ukatulia.

Vicent yupo. Huja kila asubuhi, hasalimii sana, anabeba vyuma. Leo nilimpa chai. Aliipokea kwa mikono miwili, akashindwa kuinywa.

Jumatatu, Aprili 15
Gari limevutwa mpaka kilimani na ng'ombe sita wa jirani, maana trekta limekwama. Kisyeri alitupokea ameshika fimbo.

"Duara limefungwa. Mkifa humo nitafungwa mimi."

"Mtoto wangu yuko kwako," nikamwambia. "Nitolee, nitaondoka."

Alinitazama, akatazama watu waliotusindikiza, wengi, wenye majembe ya kuzibia korongo. Akaenda mwenyewe kufunua dainamo. Mwenyekiti wa kijiji alikuja, akasema hajaona kitu, akaondoka na kurudi na dumu la petroli.

Gari limekaa upande upepo unakoelekea, moshi uende mbali na mdomo wa duara. Wametoa tairi moja la nyuma wakafunga puli. Pampu ikashuka na waya wake. Injini ikibebeshwa mzigo huzama, lazima mtu aushike waya wa mafuta na kuvuta taratibu mpaka mshale urudi mahali pake. Mikono ya Waitara inatetemeka, Maftah anahitajika kwenye mkanda. Nikaushika mimi.

Maji yalitoka mekundu, mazito.

Jumanne, Aprili 16
Tumepokezana waya. Maji yameshuka urefu wa ngazi mbili.

Jumatano, Aprili 17
Mvua. Yamepanda ngazi moja.

Alhamisi, Aprili 18
Mvua asubuhi mpaka jioni. Tumevuta kutwa nzima ili yabaki pale pale. Nimemlaani Mungu kwa sauti. Hakuna aliyenikemea, hata mchungaji aliyekuwa anachimba mfereji.

Ijumaa, Aprili 19
Injini ilianza kukohoa, mshale ukaanguka. Maji yameingia kwenye petroli. Maftah alikuwa msikitini. Waitara akafungua kabureta, vidole vyake havikuweza kushika jeti, ikaanguka kwenye tope. Tulipiga magoti tukaipapasa kama vipofu. Vicent ndiye aliyeipata. Niliinyonya, nikatema tope na petroli, nikaipuliza, nikaiangalia kwenye mwanga mpaka nikaona tundu. Tukafunga. Huku nyuma maji yalikuwa yanapanda, unayasikia.

Ikawaka. Nikatafuta ile sauti kwa skrubu. Hapo.

Midomo yangu imeungua, nashindwa kula.

Jumapili, Aprili 21
Leo hakukunyesha.

Kabla ya saa sita mdomo wa tawi la pembeni ukaonekana. Waitara akafunga kamba kiunoni. Nikamwambia mgongo wako. Akasema, "Mama Nelson, niache." Vicent akafunga ya pili bila kuulizwa. Maftah akateremsha mshumaa kwanza kupima hewa, ukaendelea kuwaka, wakashuka.

Mimi nilikuwa kwenye waya. Nilitazama mshale peke yake. Maji yalikuwa yanaingia kutoka kwenye mwamba bila kukoma, na injini ikilegea kidogo tu, yangewafunga wao pia.

Kamba ikatikisika. Nikasikia sauti ya Vicent kutoka chini. Hakuwa anaita, alikuwa analia. Kisyeri akainama mdomoni mwa shimo, akasikiliza, akanigeukia, akavua kofia.

Sikuachia. Nataka nikumbuke hilo, kwamba mwili wangu wote ulitaka kukimbia kwenye lile shimo, na mkono wangu haukuachia, kwa sababu mume wangu na yule kijana walikuwa bado chini. Mtu fulani alisema mwalimu nipe nikushikie. Nikasema hapana. Nisingemwamini mtu mwingine kwa ile sauti. Nilisimama nikalia huku natazama mshale, na mshale haukutikisika.

Walimtoa amefungwa kwenye turubai. Kisha Vicent akatoka. Kisha Waitara. Ndipo nikamwachia Maftah waya.

Waitara alinishika mabega. "Alikuwa amekaa," akasema. "Juu, kwenye ukingo wa mwamba. Nguo zake zilikuwa kavu."

"Kavu?"

"Maji hayakumfikia."

Kwa hiyo alikaa pale anagonga mwamba. Siku ngapi, sitaki kujua. Vicent alisikia kweli, na sisi tulikuwa na injini kibandani na kabureta Sirari.

Jumatano, Aprili 24
Tumemzika nyumbani. Mvua ilisubiri tumalize. Vicent alishika jeneza upande wa kichwani. Nilimwomba msamaha kwa lile kofi. Akasema, "Hata mimi ningejipiga, mama."

Jumatatu, Aprili 29
Sijaenda shule. Waitara halali, haongei. Gari liko kilimani bado. Ameniambia litaoza huko huko, hataligusa tena. Sikubishana naye.

Alhamisi, Mei 2
Asubuhi, nachambua mboga, kaingia mwanamke nisiyemjua, peku, tope mpaka magotini. Ametembea kutoka upande wa pili wa Nyamongo. Hakukaa.

"Wewe ndiye mama mwenye injini?"

Duara lao limejaa jana jioni. Watoto wawili wako ndani, wa kwake na wa jirani. Waokoaji wameitwa, daraja limechukuliwa na maji, wako ng'ambo. "Leo alfajiri wamegonga," akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Waitara alikuwa kitandani mlango wazi, amesikia yote. Akageukia ukutani.

Nilikwenda nikachukua funguo kwenye msumari. Nikampigia Maftah, nikampigia Vicent. Nilipokuwa navaa buti, Waitara akasimama nyuma yangu ameshika ukuta.

"Mkanda umelegea," akasema. "Utauchana. Ngoja nivae shati."

Ijumaa, Mei 3
Tulirudisha tairi, dainamo na pampu zikabebwa kwenye pikapu ya Kisyeri, na gari la Nelson likaenda lenyewe kwa mara ya kwanza, Waitara kwenye usukani, mimi pembeni yake, barabara yote maji. Lilikwenda polepole na bila kukohoa hata mara moja.

Tulivuta jana kutwa na leo tangu kulipokucha. Nilikaa kwenye waya. Mchana huu, Vicent alishuka, akatoka na wa kwanza amembeba mgongoni. Hai. Wa pili alipanda ngazi mwenyewe, mikono imechunika, anaomba uji.

Yule mama alikimbia. Alinipita karibu mpaka kanga yake ikanigusa uso, akamwangukia mwanawe wakalala wote kwenye tope. Hakuniona, wala hakuona injini, hakumwona mtu yeyote duniani.

Nilimwangalia. Nilimwonea wivu. Kisha Waitara akaniashiria kwamba wote wametoka, nikalegeza waya, injini ikazimika.

Waitara akaja akakaa karibu nami kwenye bampa. Mikono yetu wote inanuka petroli. Akaegemeza kichwa chake begani mwangu mbele za watu, akalia.